Kabla ya Kubadili Bunduki, Semeni Kwanza Kilichoharibika

Mwishoni mwa mwaka 2007, katika kituo cha majaribio cha Jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland, bunduki za aina nne ziliingizwa kwenye chumba cha vumbi na kufyatuliwa mfululizo mpaka udhaifu wa kila moja ukajulikana. Kila aina iliwakilishwa na bunduki 10, na kila bunduki ilipiga risasi 6,000. M4, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa mikononi mwa askari wao Iraq na Afghanistan, ilikwama mara 882. HK416 ilikwama mara 233, SCAR mara 226, na XM8, ambayo jeshi lilikuwa limeifuta miaka miwili nyuma, mara 127 tu.

Kwa anayezisoma namba hizo juujuu, hukumu ni nyepesi: M4 itupwe, inunuliwe nyingine. Seneta Tom Coburn, aliyekuwa amelibana jeshi mpaka jaribio lile likafanyika, hakuwa peke yake kuona hivyo. Lakini ripoti yenyewe ilikuwa na mambo mawili ambayo hayakupata nafasi kwenye vichwa vya habari. La kwanza, M4 hiyohiyo ilikuwa imepita katika jaribio kama hilo miezi michache kabla, ikakwama takriban mara 300. Bunduki aina moja, vumbi lilelile, halafu tofauti ya karibu mara tatu. La pili, zaidi ya mara 200 kati ya zile 882, lawama haikuwa ya bunduki. Ilikuwa ya magazini, yaani kisanduku chembamba chenye springi ndani, kinachouzwa kwa bei isiyofikia hata sehemu ndogo ya bei ya silaha. Jeshi lilianza kugawa magazini yenye sukumio jipya, kile kibao kinachoinua risasi, mwaka 2009, na sehemu ya tatizo ikaondoka bila bunduki hata moja kustaafishwa.

Sisemi kwamba M4 ilionewa. Hata ukiondoa makosa yote ya magazini, bado ilikuwa ya mwisho, na kwa mbali. Ninachokataa ni ule mruko kutoka kwenye namba moja ya kutisha hadi kwenye zabuni ya mabilioni. Mjadala wa kuboresha au kubadili bunduki ya askari huendeshwa kana kwamba bunduki ni kitu kimoja kinachofaa au kisichofaa. Ndani yake kuna risasi, magazini, mtutu, bolti, springi, darubini ya kulengea, mafuta ya kulainishia na mtu aliyeishika, ambaye huenda mara ya mwisho alikwenda uwanja wa shabaha mwaka jana. Karibu kila kasoro iliyowahi kuzua kelele kubwa ilikaa katika kimojawapo cha vitu hivyo, na vingi kati yake hubadilishwa na fundi silaha mezani kwake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: jeshi linalotaka bunduki mpya litaje kwanza ubovu ambao hakuna kipuri, risasi wala mafunzo yanayoweza kuuondoa. Likiweza kuutaja, linunue. Likishindwa, lirekebishe zilizopo na fedha inayobaki ilipie risasi za mazoezi.

Kinachonifanya niwe mgumu wa kuamini ahadi za silaha mpya ni yale yaliyotokea Vietnam. M16 ilipowafikia askari wa miguu katikati ya miaka ya 1960, ilikuja na sifa zote: nyepesi, ya kisasa, haina haja ya kusafishwa kila mara. Haikupita muda barua za askari zikaanza kufika Marekani zikieleza wenzao waliokutwa wamekufa kando ya bunduki walizokuwa wamezifungua, wakihangaika kutoa ganda lililonasa kwenye chemba, tundu ambamo risasi hukaa inapofyatuliwa. Bunge likaunda kamati ndogo chini ya mbunge Richard Ichord, nayo ikatoa ripoti yake Oktoba 1967.

Ripoti ile ingefaa isomwe na kila waziri wa ulinzi kabla hajatia sahihi mkataba wa silaha. Baruti iliyotumika bunduki ilipokuwa ikibuniwa na kujaribiwa haikuwa ile iliyojazwa kwenye risasi zilizopelekwa vitani. Hiyo ya pili iliacha uchafu mwingi zaidi na kuifanya bunduki ifyatue kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa. Chemba haikupakwa kromu, na katika joto na unyevu wa Vietnam ikashika kutu na kukwaruzika. Vifaa vya kusafishia vilikuwa adimu, na wapo askari walioambiwa kwamba hawavihitaji. Kamati haikumung'unya maneno: iliandika kwamba wakuu wa jeshi kushindwa kuchukua hatua kuhusu kasoro za risasi ile kulikaribia kuwa uzembe wa jinai.

Na tiba? Kromu kwenye chemba. Kizito kipya nyuma ya springi, ili kupunguza kasi ya kufyatua. Marekebisho kwenye baruti. Vifaa vya kusafishia kwa kila askari, pamoja na kijitabu cha katuni cha kumfundisha namna ya kuvitumia. Bunduki iliyotukanwa na taifa zima ikageuka M16A1, na ukoo wake, M4 ikiwa mmojawapo wa wajukuu, umebaki jeshini kwa zaidi ya nusu karne. Maafa yale yaliletwa na haraka ya kubadili, yakaondolewa na uvumilivu wa kuboresha. Watu wengi hukumbuka nusu ya kwanza tu, wakadhani M16 ilikuwa silaha mbovu kwa asili.

Uingereza ina kisa chake, na kinafanana kuliko Waingereza wangependa kukiri. SA80 iliingia jeshini mwaka 1985 ikiwa na umbo la kisasa, magazini ikikaa nyuma ya mkono unaofyatua. Katika vita vya Ghuba vya 1991 mchanga uliiumbua. Plastiki zilivunjika, magazini zilidondoka zenyewe, risasi zilikwama. Kwa miaka kadhaa wizara ilikana, kisha ikakiri nusunusu, kisha kazi ikapewa kampuni ya Kijerumani ya Heckler & Koch, ambayo kipindi hicho ilikuwa mali ya Waingereza wenyewe. Wajerumani walibadili karibu kila sehemu inayosogea: bolti, kitoa ganda, pini ya kufyatulia, nyundo, magazini. Bunduki zipatazo 200,000 zilifanyiwa kazi hiyo kuanzia mwaka 2000 kwa pauni milioni 92, kama pauni 460 kwa moja. Zilizotoka zikaitwa A2, zikapigana Iraq na Helmand, Afghanistan, na toleo la A3 likafuata mwaka 2018. Bado ni nzito, na askari wa mkono wa kushoto bado analazimika kulenga kwa bega la kulia. Lakini aliyekuwa akitaka itupwe mwaka 1992 alikuwa akitaka kulipa mara mbili.

Basi tuseme hakuna siku ya kubadili? Ipo, na mifano yake ni mizuri.

M14 ni mmoja. Marekani iliichagua mwaka 1957. Ilipiga risasi ya milimita 7.62, nene, yenye nguvu, inayokwenda mbali. Ukiiweka kwenye ufyatuaji wa mfululizo mtutu unapanda juu, na risasi ya tatu huwa imekwenda kwa ndege. Unaweza kubadili kitako, unaweza kuongeza kifaa cha kupunguza mshtuko, lakini mshtuko wenyewe unatokana na risasi, na risasi moja ya aina hiyo ina uzito wa gramu kama 24 ilhali ya 5.56 ina kama 12. Askari anayetembea siku nzima anaelewa hesabu hiyo bila kufundishwa: kwa uzito uleule anabeba risasi mara mbili. Hapo ubovu ulikuwa na jina, na hakuna kipuri kilichoweza kuuondoa. Ukibadili risasi unabadili bunduki. Uamuzi wa kuiacha M14 ulikuwa sahihi. Kilichoharibika ni jinsi ulivyotekelezwa.

Ufaransa ilikuwa na sababu ya aina nyingine. FAMAS yao ilikuwa bunduki nzuri kwa wakati wake, ila kiwanda cha Saint-Étienne kilichoitengeneza kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tena FAMAS ya kwanza ilibuniwa kwa ajili ya risasi zenye ganda la chuma zilizotengenezwa Ufaransa kwenyewe, na risasi za washirika wa NATO, zenye ganda la shaba, hazikuelewana nayo vizuri. Ukikosa kiwanda, vipuri na risasi, kinachobaki ni kumbukumbu. Mwaka 2016 waliichagua HK416, wakaagiza zaidi ya 100,000, na sioni wa kuwalaumu.

Ujerumani ndiyo inayonisumbua. G36 ilikuwa bunduki ya kawaida ya Bundeswehr, jeshi la Ujerumani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990: nyepesi, ya plastiki, inayopendwa. Kisha zikaja taarifa kwamba ikipigwa mfululizo hadi ikapata moto, risasi zinaacha kwenda mahali ilipolengwa. Mwaka 2015 waziri wa ulinzi Ursula von der Leyen akatangaza kwamba bunduki hiyo, kwa hali ilivyo, haina mustakabali katika jeshi lake. Serikali ikaidai fidia Heckler & Koch. Mwaka uliofuata mahakama ya Koblenz ikaamua kwamba kampuni haidaiwi kitu: bunduki zilizofikishwa zilikuwa na sifa zilizokubaliwa katika mkataba. Jeshi lilikuwa limenunua silaha kwa ajili ya aina moja ya vita, likaipeleka Afghanistan kupigana vita vya aina nyingine, kisha likashangaa.

Kilichofuata ndicho ambacho wapenzi wa zabuni hawapendi kukitaja. Zabuni ya bunduki mpya ilitangazwa 2017. Mwaka 2020 mshindi akatajwa kuwa kampuni ya Haenel. Wiki chache baadaye ushindi ukaondolewa kwa sababu ya mgogoro wa hataza, Heckler & Koch ikatangazwa mwaka 2021, na kesi zikaendelea hadi 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari mwaka huo, askari wa Ujerumani alikuwa bado ameshika bunduki ambayo waziri wake aliikataa hadharani miaka saba nyuma. Muda huo wote ungetosha kubadili mitutu na kuwafundisha watu kupiga kwa vipindi. Hilo lisingeifanya G36 kuwa bunduki bora duniani, lakini lingempa askari kitu.

India imepita njia hiyohiyo kwa mwendo mrefu zaidi. Bunduki yao ya INSAS ililalamikiwa tangu vita vya Kargil mwaka 1999, ambako magazini za plastiki zilipasuka kwa baridi ya milimani. Ona tena, magazini! Zabuni ya 2011 ilitaka bunduki moja inayoweza kubadilishwa mtutu ikapiga risasi za aina mbili. Ilifutwa mwaka 2015 bila kununuliwa kitu. Mwaka 2019 zikaagizwa SIG716 zipatazo 72,400, zinazopiga 7.62 ndefu ya NATO. Mwaka 2021 ukasainiwa mkataba wa kutengeneza zaidi ya AK-203 600,000 huko Korwa, zinazopiga 7.62 fupi ya Kirusi. INSAS nazo hazijatoweka, na zinapiga 5.56. Sasa mkuu wa ugavi ana risasi za aina tatu za kupeleka kwa askari wa miguu, na akikosea lori moja, watu wako mstari wa mbele na masanduku wasiyoweza kuyatumia.

Nimefika kwenye M7, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote yaliyofanywa katika bunduki ya askari tangu miaka ya 1960.

Aprili 2022 Jeshi la Marekani liliipa SIG Sauer mkataba wa miaka 10 unaoweza kufikia dola bilioni 4.5, wa bunduki mpya, rashasha nyepesi na risasi yake. Bunduki hiyo, iliyoitwa XM7 wakati wa majaribio na M7 baada ya kuidhinishwa rasmi Mei 2025, inapiga risasi ya milimita 6.8 yenye ganda la metali mchanganyiko: kitako cha chuma, mwili wa shaba. Chuma kimewekwa kwa sababu shinikizo ndani ya chemba linafika pauni 80,000 kwa inchi ya mraba, ambalo ganda la shaba tupu lisingelihimili. Juu yake imefungwa darubini ya XM157 ya kampuni ya Vortex, yenye leza ya kupima umbali na kikokotoo kinachomwonyesha askari mahali pa kulenga. Brigedi ya kwanza, ya Divisheni ya 101, ilianza kuzipokea mwaka 2024.

Wanaoitetea wana hoja, na si ndogo. Mei 2017 Jenerali Mark Milley, mkuu wa jeshi wa wakati huo, aliwaambia maseneta kwamba risasi ya 5.56 haiwezi kutoboa baadhi ya mabamba mapya ya kuzuia risasi yanayouzwa sehemu mbalimbali za dunia. Afghanistan nayo ilikuwa imewafundisha adha ya kupigwa na rashasha kutoka mlima wa pili, mbali kuliko M4 inavyofika kwa uhakika. Umbali na bamba, basi. Huo ni ubovu wenye jina, na kwa kipimo changu mwenyewe unastahili kusikilizwa.

Sasa tuiweke gharama mezani. M7 tupu ina uzito wa kilo 3.8, na ikiwa na kizuia sauti chake inafika karibu kilo 4.5, kabla hujafunga darubini wala kuweka risasi. Magazini yake inachukua risasi 20. Askari wa M4 alikuwa akienda na magazini 7 za risasi 30, jumla 210; wa M7 anakwenda na 7 za risasi 20, jumla 140, na mzigo wake bado ni mzito kuliko wa mwenzake. Magazini ya M14 ilikuwa na risasi ngapi? Ishirini. Jeshi lililotumia damu na miaka kumi kujifunza kwamba askari wa miguu anahitaji risasi nyingi nyepesi limerudi palepale, safari hii likiwa na leza.

Na lile bamba? Kinachotoboa bamba gumu, kwa kiasi kikubwa, ni kiini cha risasi. Kuongeza kasi kunasaidia, lakini ukikosa kiini kigumu kama tungsteni unarudi kwenye kubahatisha. Risasi ya 5.56 yenye kiini cha tungsteni, M995, ilikuwapo kabla M7 haijachorwa. Haienei kwa sababu ni ghali, na kwa sababu China ndiyo inayochimba sehemu kubwa ya tungsteni ya dunia. Bunduki mpya haibadilishi mgodi uko wapi. Anayetaka kutoboa mabamba kwa maelfu ya risasi kila siku atakutana na swali hilo hata akiwa na M7 mkononi.

Umbali je? Ukraine imeonyesha kitu ambacho milima ya Afghanistan haikuonyesha. Askari wa miguu huko anapigana ndani ya handaki, kwenye mistari ya miti kati ya mashamba, ndani ya nyumba zilizobomoka. Anayemwona adui aliye mbali si mtu wa bunduki tena, ni droni, na droni hiyohiyo au mzinga ndio unaomaliza kazi. Bunduki hubaki kwa mita chache za mwisho, na pia kwa tendo la kukata tamaa la kuipigia droni inayokuja usoni. Kwa kazi zote mbili unataka risasi nyingi, mtutu mfupi na mshtuko mdogo. Ningependa kuona mpangaji wa mradi ule akieleza M7 inampa nini askari wa handaki ambacho M4 yenye mtutu mzuri haimpi.

Hata wenzao hawakukubaliana. Kikosi cha Marine, ambacho kila Mmarekani anajua kinavyojivunia bunduki, hakikuifuata M7. Kilibaki na M27, ndugu wa HK416 anayepiga 5.56 ileile, kikaanza kugawa vizuia sauti kwa askari wake wa miguu bila kubadili kaliba, yaani kipimo cha risasi. Nchi moja, vita zilezile, majibu mawili. Huo peke yake ni ushahidi kwamba ulazima haukuwa mkubwa kama ulivyotangazwa.

Kitu kimoja katika mradi ule ninakipigia makofi bila kusita: darubini. Kama kuna kilichomfanya askari wa kawaida apige vizuri zaidi katika miaka 30 iliyopita, si kaliba wala umbo la bunduki. Ni kioo. Askari aliyekuwa akilenga kwa vyuma viwili sasa anaona shabaha imekuzwa mara nne, na anajua kama anachokilenga ni mtu mwenye silaha au mtu mwenye jembe. Kinachowezesha hayo ni kipande cha reli juu ya bunduki, reli yenye vipimo vilivyowekwa rasmi mwaka 1995, inayokubali darubini ya leo na ya kesho. XM157 nayo inafungwa kwenye reli. Kwa nini basi hoja ya darubini imefungwa pamoja na hoja ya kaliba mpya, mpaka ikaonekana kwamba ukitaka kimoja lazima uchukue vyote?

Jibu la uungwana ni kwamba wahandisi walitaka kila kitu kibuniwe pamoja. Jibu lisilo la uungwana ni kwamba kipya kinyemi. Jenerali anayestaafu akiwa ameleta bunduki mpya huandikwa. Anayestaafu akiwa amebadili springi za magazini nusu milioni hakuna anayemjua. Mbunge anapata ajira za kiwanda jimboni. Kampuni inapata miaka ishirini ya kuuza vipuri na risasi ambazo hakuna mwingine anayezitengeneza. Askari naye, tuwe wakweli, anapenda kitu kipya. Morali ni kitu halisi na simbezi anayesema bunduki iliyochakaa inamkatisha tamaa. Ila ukimwuliza askari huyohuyo angependa nini kati ya bunduki mpya na siku tano zaidi za shabaha kwa mwaka, nina shaka kama jibu lingekuwa lile linalodhaniwa makao makuu.

Marekani ilishakwenda njia hii mara nyingi ikarudi mikono mitupu. Mradi wa ACR, uliomalizika mwaka 1990, ulitaka bunduki itakayomwongezea askari uwezekano wa kupiga shabaha kwa asilimia 100 kuliko M16A2. Kampuni nne zilileta maajabu yao, mishale midogo badala ya risasi, risasi zisizo na ganda, na hakuna hata moja iliyokaribia. XM8 ilifutwa 2005. Shindano la kutafuta mrithi wa M4 lilisimamishwa 2013 baada ya washindani wote kushindwa kufikia kiwango. Katika kipindi hichohicho M4 ilipata mtutu mzito, ufyatuaji wa mfululizo badala ya risasi tatutatu, na risasi mpya ya M855A1 iliyoanza kutumika 2010. Haja ya mtutu ule mzito ilikuwa imeshaonekana. Katika shambulio la Wanat, Afghanistan, Julai 2008, ambako Wamarekani 9 waliuawa, walionusurika walieleza bunduki zilizopata moto mpaka zikaacha kufanya kazi, kwa sababu zilifyatuliwa kwa kasi ambayo mtutu mwembamba haukuundwa kuistahimili.

Ufini ni nchi ndogo yenye jirani mkubwa, na haina anasa ya kukosea. Bunduki yao ya RK 62, ya ukoo wa Kalashnikov, ni ya miaka ya 1960. Kuanzia mwaka 2015 walianza kuiwekea kitako kinachorefushwa, reli ya darubini na mkanda mpya, wakaiita RK 62M. Jeshi lao la vita lina watu 280,000, wengi wao askari wa akiba waliofundishwa kwa bunduki hiyohiyo ujanani. Baada ya kuingia NATO wameanza kujadili kaliba ya washirika na bunduki za Sako wanazoshirikiana na Sweden, na mjadala huo una mantiki: mshirika mpya wa kugawana naye risasi ni sababu ambayo kitako kipya hakiwezi kuijibu. Lakini hawakuzitupa za zamani wakati wa kusubiri.

Urusi nayo inafaa kutajwa kwa kifupi. AK-12 iliidhinishwa mwaka 2018 ikiwa na swichi ya kufyatua risasi mbilimbili, kitu kilichopendeza sana kwenye maonyesho. Baada ya mwaka mmoja wa vita kamili, toleo la 2023 lilikuja bila swichi hiyo.

Kama ningekuwa na sauti katika kamati ya ulinzi ya nchi yoyote inayoletewa ombi la bunduki mpya, ningetaka kuona rejista ya fundi silaha kabla ya brosha ya muuzaji: bunduki ngapi zimekwama, kwa sababu ipi, zikiwa na magazini za mwaka gani, mitutu imepiga risasi ngapi. Jeshi lisilo na rejista hiyo halijui kama bunduki zake ni mbovu, na halitajua kama mpya ni nzuri. Kisha ningeuliza kama kiwanda cha vipuri kipo, na risasi inatoka wapi. Mengine yangefuata hapo.

Kwa Wamarekani wenyewe, ambao tayari wameshalipa, ningeziacha M7 kwa mpigaji mmoja au wawili katika kila kikosi kidogo, mahali ambapo zamani alikaa mtu wa M14 yenye darubini, na kwa wachache watakaopelekwa penye milima na mabonde marefu. Wengine wabaki na M4 zenye mitutu mipya, vizuia sauti na darubini ya XM157 au inayofanana nayo. Idadi iliyopangwa, zaidi ya bunduki 100,000, bado iko kwenye karatasi kwa sehemu kubwa, na karatasi inaweza kuandikwa upya kabla ya mwaka wa fedha ujao.